Sarafu ya kale imechongwa upya? Muulize muuzaji kabla hujalipa

Mtoto akinogewa na kukusanya sarafu, senti za zamani za babu hazimtoshi tena. Siku moja atakuonyesha kwenye simu sarafu ya Kirumi inayouzwa Ulaya: ina miaka karibu 2,000, nywele za mfalme zinahesabika, na bei yake inakaribia ada ya muhula.

Mzazi, tulia kwanza. Sarafu hiyo inaweza kuwa ya kale kweli, lakini sura unayoiona ikawa kazi ya fundi wa juzi.

Hutokea zaidi kwa sestertio, sarafu kubwa ya shaba iliyochanganywa na zinki, yenye uzito wa gramu 25 hivi. Nyingi zimelika kwa kupita mikononi na kukaa udongoni. Fundi huchonga upya nywele na herufi, hukwangua sehemu tupu ziwe laini, kisha hupaka dawa inayoleta ukijani wa kizamani. Bei hupanda mara moja.

Omba picha kubwa za pande zote mbili, au tumia kioo cha kukuzia, kisha angalia haya:

• Nywele zina ncha kali ilhali herufi za ukingoni zimefifia. Sarafu iliyochakaa kwa matumizi haichagui sehemu moja.
• Mikwaruzo midogo inayokwenda sambamba kuzunguka sura au herufi.
• Rangi moja kila mahali, au inayobaki kwenye pamba ukifuta.
• Duara dogo la rangi tofauti. Huenda sarafu ilitobolewa ivaliwe shingoni, kisha tundu likazibwa.
• Jina lisilowezekana. Otho alitawala Roma miezi mitatu tu mwaka 69, na kiwanda cha sarafu cha Roma hakikutoa sestertio yenye jina lake. Ukiuziwa moja, shaka iwe kubwa.

Kuchonga upya peke yake hakumfanyi muuzaji kuwa tapeli. Utapeli ni kunyamaza. Muuzaji mwaminifu huandika wazi kwenye tangazo. Kwa Kiingereza utakuta maneno tooled au smoothed, na bei huwa chini. Muulize kwa maandishi: Imechongwa? Rangi ni ya asili? Ilitoka wapi? Nikigundua tofauti, utanirudishia fedha? Akijibu kwa mzunguko, achana naye.

Swali la ilikotoka lina uzito hata nyumbani. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba, na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayolinda masalia ya namna hiyo. Ukiletewa "sarafu ya Kilwa" mtaani, usinunue. Mpeleke mtoto akazione makumbusho.

Na ile mliyonayo nyumbani msiisugue kwa ndimu wala asidi. Inaharibu sarafu, na asidi kali huunguza ngozi na macho ya mtoto.