Je, Wajua? Furaha Mbili Katika Karatasi Moja
Katika nchi ya Uchina, arusi aghalabu haikamiliki bila ya karatasi nyekundu, rangi ya heri, iliyokatwa kwa mkono ikawa umbo la herufi mbili zilizounganishwa, kila moja ikisomwa xi, yaani furaha, nazo pamoja zikiashiria furaha maradufu ya bwana na bibi arusi.

Lililo la ajabu, nami sijui hila ya mkono iliyo nzuri kuliko hii, ni kwamba fundi hana haja ya kuichora hati yote. Kwa kuwa pande zake zalingana, huikunja karatasi mara mbili, akapitisha mkasi katika robo yake tu, na aikunjuapo, herufi zote mbili hudhihiri kamili.

Hubandikwa milangoni, madirishani na juu ya kioo cha bibi arusi. Na nyingine, zenye nakshi za maua, ndege na samaki, hutandazwa juu ya matunda na zawadi. UNESCO iliitia sanaa ya kukata karatasi ya Uchina katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2009. Neno letu “karatasi” twalipata kwa Waarabu. Walakini karatasi yenyewe, kabla ya kuwafikia Waarabu, ilitoka huko huko Uchina.