Motokaa za Kale Zaenda Brighton

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliamuru gari lisilokokotwa na farasi litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu na bendera nyekundu. Tarehe 14 Novemba, 1896, wenye motokaa walitoka London hadi Brighton kushangilia sheria mpya iliyomwondoa mtangulizi huyo.

Safari hiyo hukumbukwa kila Jumapili ya kwanza ya Novemba. Alfajiri, katika Hyde Park, bendera nyekundu hupasuliwa, kisha motokaa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1905 hushika njia ya maili 60 hivi. Si mashindano: kila afikaye kwa wakati hupewa nishani, hata wa mwisho. Ndugu msomaji, chombo cha miaka 120 hakiendi kwa petroli tu, bali kwa mkono usiochoka kukitunza. Mwenda pole hajikwai.