Nukta Ndani ya Poligoni: Mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha na Tatizo la Mfumo wa Rejea

Katika ramani za kidijiti, swali la iwapo shamba liko ndani au nje ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha huweza kujibiwa kwa kanuni ambayo M. Shimrat aliichapisha mwaka 1962. Mpaka huhifadhiwa kama poligoni, yaani mfululizo wa vipeo vyenye majiranukta. Kutoka katika nukta inayochunguzwa huchorwa mstari mnyoofu kuelekea upande mmoja, tuseme mashariki, kisha huhesabiwa mara ambazo mstari huo unakata pande za poligoni. Hesabu ikiwa witiri, nukta iko ndani. Ikiwa shufwa, iko nje. Mpaka ukipinda vyovyote vile, kanuni haibadiliki.

Utata hujitokeza pale mstari unapopita katika kipeo, kwa kuwa pande mbili hukutana hapo na mkato mmoja waweza kuhesabiwa mara mbili. Kwa sababu hiyo upande huhesabiwa tu iwapo ncha yake moja iko juu ya mstari na nyingine iko kwenye mstari au chini yake.

Hitilafu iliyo kubwa zaidi haimo katika kanuni. Ramani za topografia za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa rejea wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS kwa kawaida hutoa majiranukta ya WGS 84. Katika eneo la Mlima Meru, lililo katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mifumo hiyo hutofautiana kwa takriban meta 300 kaskazini-kusini. Mpaka ulionakiliwa kutoka ramani ya zamani na kusomwa kana kwamba ni WGS 84 husogea kaskazini kwa kiasi hicho. Shamba lililo meta 200 nje ya mpaka wa kaskazini, kuelekea Engare Nanyuki, litatangazwa kuwa ndani. Lililo meta 200 ndani ya mpaka wa kusini litaonekana liko nje. Programu haitatoa onyo lolote, maana hesabu yenyewe ni sahihi.

Kosa hilo si dogo mahali ambapo Wameru waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951, hata Kirilo Japhet akawasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Hata mfumo ukibadilishwa ipasavyo, mstari wenye unene wa nusu milimita katika ramani hiyo hufunika meta 25 ardhini. Jibu la ndani au nje, basi, halitoshi: umbali wa nukta hadi upande ulio karibu nayo hupaswa kukokotolewa pia, na nukta zinazoangukia katika ukanda huo kukabidhiwa mpimaji wa ardhi azikague uwandani.