Molefi Kete Asante: Mchambuzi wa Hotuba za Ukombozi

Molefi Kete Asante alizaliwa mwaka 1942 mjini Valdosta, Georgia, Marekani, akaitwa Arthur Lee Smith. Alihitimu uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1968. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu balagha ya mapinduzi ya Wamarekani weusi. Humo alichambua mbinu nne za wasemaji: kumkashifu mpinzani kwa jina, kulibebesha lawama kundi zima, kuipa harakati baraka za Mungu au historia, na kuhalalisha matendo ya wanaharakati.

Kitabu chake cha 1980, Afrocentricity, kiliwataka Waafrika wajione watendaji wa historia yao wenyewe. Mwaka 1988 aliasisi katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, programu ya kwanza Marekani ya uzamivu katika masomo ya Wamarekani weusi.