Nyumba ya Pwani hainunuliwi kwa rangi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, kwa anayenunua nyumba, ufa wa kuogopwa zaidi ni ule uliokwisha kuzibwa na kupakwa rangi ili asiuone.

Familia nyingi za Nairobi na Mombasa hutamani nyumba Diani, Ukunda au Msambweni, iwe ya kupumzikia au ya kuishi baada ya kustaafu. Huvuka kwa feri ya Likoni Jumamosi, wakaonyeshwa nyumba nyeupe chini ya minazi, na kufikia Jumatatu wamekwisha kuanza kutafuta arubuni. Kwa kawaida arubuni hiyo ni asilimia 10 ya bei, na mara nyingi ni akiba ya miaka mingi.

Wengi hudhani wamejikinga kwa sababu wakili amefanya upekuzi katika afisi ya ardhi ya Kwale na mthamini wa benki amekadiria bei. La hasha! Upekuzi huonyesha ardhi ni ya nani. Mthamini hutaja thamani yake. Hakuna kati yao aliyelipwa kupanda darini. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, na inafaa umlipe wewe mwenyewe, wala si muuzaji au dalali.

Adui mkubwa huku ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, na fundi asiyejali huiongeza anapochanganya simiti na mchanga wa ufuoni. Chumvi hupenya hadi kwenye vyuma vilivyo ndani ya zege, vikaota kutu. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka kutoka ndani. Mhandisi hugongagonga nguzo na dari akisikiliza mlio wa uwazi, na hutafuta madoa ya kutu ambayo rangi mpya haijayafunika.

Atatafuta pia mchwa katika boriti na miimo ya milango, makuti yaliyooza na nyaya za umeme zilizochakaa. Atapima umbali kati ya kisima na shimo la maji taka, kwani ardhi ya ufuoni ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, na uchafu hupita humo kwa urahisi. Maji ya kisima yapelekwe maabara.

Ukiweza, itazame nyumba wakati wa masika, Aprili au Mei, maana paa linalovuja halifichiki mvua inaponyesha. Dai ripoti iliyoandikwa, yenye picha. Kisha mwombe wakili aandike katika mkataba kwamba ununuzi utategemea ripoti hiyo. Kasoro zikionekana, bei ipunguzwe, muuzaji azirekebishe, au ujiondoe na arubuni yako.

Naye muuzaji asiyekubali nyumba yake ikaguliwe, amekwisha kukupa jibu.