Damu ya Babu Uwanjani

Kwenye viwanja vya mtaani Kimara, wazee hawakosi pembeni ya mstari. Mjukuu akipiga chenga nzuri: "Huyo mimi mtupu!" Akimsukuma mwenzake kwa hasira: "Hiyo kaitoa ukweni." Sifa na kasoro zote hupewa damu. Sayansi ya urithi ina mengi ya kusema juu ya damu hiyo, na baadhi yake yatawashangaza wazee wetu.

Mjukuu hubeba wastani wa robo ya vinasaba vya kila babu na kila bibi. Ni wastani tu. Nusu aliyopewa na baba yake ni mchanganyiko wa babu na bibi wa upande huo, na mgawo hauwi sawa: mmoja anaweza kufika asilimia 28, mwenzake akabaki na 22. Alichozidi babu, bibi amepungukiwa. Wewe babu, mjukuu wa kiume aliyezaliwa na mwanao wa kiume amebeba kromosomu Y yako karibu kama ilivyo. Aliyezaliwa na binti yako hana hata chembe yake. Hata hivyo kromosomu hiyo ni ndogo, na kazi yake kubwa ni kuamua jinsia.

Mbio je? Kuna jeni iitwayo ACTN3, inayotengeneza protini ya misuli ya kasi. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walionyesha kuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa mbio fupi, wasio na protini hiyo ni wachache mno. Katika nchi tajiri wazazi huuziwa kipimo chake. Kwetu ingekuwa kutupa pesa: utafiti wa 2007 ulikuta Wakenya wasio nayo ni kama 1 katika kila 100, wakati kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama 18. Kinachopatikana kwa karibu kila mtoto hakiwezi kutuambia yupi atakuwa bingwa.

Kwenye tabia mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2015 Tena Vukasović na Denis Bratko walikusanya tafiti za mapacha, ndugu na watoto wa kuasili, wakapata kuwa kama asilimia 40 ya tofauti za tabia baina ya watu hutokana na urithi. Hiyo si kusema kwamba asilimia 40 ya ukali wa mjukuu imetoka kwa babu. Tabia moja huguswa na vinasaba vingi mno, kila kimoja kwa kiasi kidogo sana, na ule mkusanyiko uliomfanya babu awe babu huchanganywa upya kama karata, mara mbili, kabla ya kumfikia mtoto.

Ndiyo maana nayaogopa maneno ya pembeni ya uwanja kuliko vinasaba. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa darasa la tano mafumbo, wakawasifu wengine kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Yalipokuja mafumbo magumu na wote wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, na waliodanganya kuhusu alama zao walikuwa wengi zaidi kati yao kuliko kati ya waliosifiwa bidii. Mtoto anayeambiwa kila siku ana kipaji cha ukoo, akikosa penalti huona ameuaibisha ukoo mzima.

Na kwa kuinuka baada ya kukosa, Kimara inaye wa kumtazama. Filbert Bayi, aliyefungua shule hapa Kimara, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1976 Tanzania ikasusia Olimpiki ya Montreal, naye hakukimbia. Angeweza kuishia hapo. Alirudi kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 katika mbio nyingine kabisa, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akachukua medali ya fedha. Hiyo na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, michezo ileile, ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Babu zetu na bibi zetu, endeleeni kwenda uwanjani, watoto wanawahitaji. Mjukuu akifungwa, msiulize kamfuata nani. Mwulizeni wiki hii atafanyia mazoezi kitu gani, kisha mkaone kama amekifanya.