Leza yenye pete: Kumbe si wingi wa moto, ni umbo lake

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, niliishia kwa fundi wa kuchomelea mageti mtaani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubandua kwa patasi na nyundo matone ya chuma yaliyorukia kila mahali. Siku moja nikajiona nimeiva, nikapandisha moto wa mashine ili nimalize haraka. Chuma chembamba cha dirisha kikatoboka tundu la kuingiza kidole. Fundi akanikata pesa ya chuma hicho, kisha akaniambia, "Moto mwingi si ufundi."

Kumbe hata viwanda vikubwa vya ng'ambo vililazimika kujifunza somo hilo, ila kwa leza.

Leza ya kuchomelea ni mwanga unaopitia faiba, kama ile inayotuletea intaneti mtaani, kisha unalengwa kwenye nukta ndogo kuliko milimita moja. Hapo metali inayeyuka, nyingine inageuka mvuke na kuacha tundu jembamba linalopeleka moto ndani kabisa. Shida ni kwamba tundu hilo halitulii. Likijifunga ghafla, mvuke unanaswa na kuacha vipovu kwenye kiungo. Ukilipuka kutoka, unarusha matone.

Shaba ndiyo noma zaidi. Ikiwa baridi, inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa leza hizi kama kioo. Ukiongeza nguvu ikaanza kuyeyuka, inaunyonya mwanga ghafla, na cheche zinaruka.

Sasa wahandisi wamefanya nini? Wameubadilisha mwale wenyewe. Katikati kuna nukta, na kuizunguka kuna pete ya mwanga. Nukta inachimba. Pete inapasha metali pembeni na kupanua mdomo wa tundu ili mvuke utoke polepole. Kila moja ina nguvu yake, kwa hivyo fundi anaweza kuongeza pete na kupunguza nukta kulingana na metali, bila kubadilisha lenzi. Kampuni kama Coherent, IPG na TRUMPF tayari zinauza mashine za aina hii.

Unauliza inakuhusu nini? Betri za magari ya umeme zina seli nyingi zilizounganishwa kwa vipande vya shaba na alumini. Tone moja la metali likiangukia pabaya linaweza kuleta shoti, na betri ya lithiamu ikipata shoti inaweza kushika moto. Hata ile boda ya stima inayokupita kimyakimya Nairobi, usalama wa aliyeipanda unategemea viungo vya betri yake.

Fundi wangu bado anatumia mashine yake ya vijiti, na kwa mageti inatosha kabisa. Mimi pia sijarudi chuo. Lakini siku hizi, kabla sijapandisha moto, naangalia kwanza unaangukia wapi na kwa upana gani. Tangu nianze hivyo, sijakatwa pesa ya chuma tena.